Shahidi Aliyecheka

Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo lugha haikuwahi kuniaibisha mpaka nilipostaafu. Naandika haya nikiwa na hasira. Nilijaribu kwanza kuyaandika kwa utulivu, kama mtu mzima, nikaona kila sentensi inatoka imelala. Basi nimeiacha hasira ikae ilipo.

Kuna mwanamke anakaa Masuguru, hapa Korogwe mjini, katika chumba kimoja cha kupanga. Asubuhi huchoma vitumbua, kisha huvibeba kwa miguu hadi Manundu kuwauzia wafanyabiashara wanaofungua maduka. Macho yake hutoka machozi muda wote hata akiwa na furaha, na kifua chake hukohoa kikohozi kikavu ambacho hakuna dawa ya hospitali wala ya mitishamba iliyokiweza. Mumewe alikuwa mtu wa kwetu, Kwaluguru, kule Handeni. Ukoo wa mumewe na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu, na mwanamke akishaolewa katika ukoo ule naye anaingia utanini. Kwa hiyo hatuitani majina. Mimi kwake ni mtani, na yeye kwangu ni mtani.

Siku hizi utani umebaki wa kurushiana maneno ofisini, kwa hiyo inabidi nieleze ulivyo kwetu. Mtani ndiye anayeingia kaburini kumpokea maiti wa mtani wake. Mtani ndiye anayefika msibani wakati wafiwa wameganda kwa majonzi, akavaa kofia ya marehemu, akatembea kama marehemu, akakohoa kama marehemu, akadai marehemu alimla kuku wake na sasa amekimbilia ardhini kukwepa kulipa. Wafiwa hucheka, na katika kucheka kule ndipo kilio kinapofunguka. Mtu aliyefiwa bila kutaniwa hubaki na kitu kooni. Haya nimeyaona tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kufikiri kwamba yanahitaji maelezo.

Mume wa mtani wangu alikuwa fundi cherehani. Alikuwa mrefu, mwepesi wa maneno na mzito wa kunyanyuka. Akishakaa kwenye cherehani, kumwinua ilikuwa kazi. Rafiki yake alimwita kwenye mji wa machimbo katika nchi nyingine, ambako wachimbaji walikuwa wanachana nguo kila siku na mafundi hawatoshi. Akaenda, kisha akamchukua mkewe na binti yao wa miaka sita. Nchi hiyo sitaitaja. Nikiitaja tu, nusu ya wanaosoma watakuwa wameshachagua upande kabla hawajamsikia huyu mama.

Vita ikaingia mji ule. Miezi kadhaa baadaye mtani wangu alirudi Korogwe peke yake, na kikapu, na mkasi wa mumewe. Akasema mumewe na mtoto wamekufa. Akasema kulidondoka kitu asubuhi, hakikupasuka kwa kishindo kama mabomu mengine, kikatoa moshi mzito wenye harufu kama dawa ya kutakasia maji, na watu wakafa bila jeraha.

Mama mkwe wake, kule Kwaluguru, alikataa.

Nataka nimtendee haki yule mama, ingawa leo nikimfikiria naona uchungu. Ni mkulima, mjane wa siku nyingi, na fundi cherehani alikuwa mwanawe wa mwisho. Alichoelezwa ni kwamba mwanawe ameuawa na moshi. Hakuona maiti wala kaburi, na hati hakuwa nayo. Wakati huohuo serikali ya nchi ile ilikuwa imetangaza kwamba hakuna aliyekufa pale, kwamba yale yalikuwa maigizo, watu walimwagiwa maji na kulazwa chini ili wapigwe picha, kisha wakainuka wakaenda zao nyumbani. Siku hizi kila mtu ana redio na televisheni mfukoni. Jirani akamwonyesha ile video kwenye simu. Mama akaitazama mara tatu, na mara ya tatu akaapa kwamba mwanamume mrefu anayepita nyuma kabisa ya picha, ambaye uso wake hauonekani, ni mwanawe. Alimjua kwa mwendo.

Kuanzia hapo mkwe wake akawa mke aliyemkimbia mume vitani. Msiba haukuwekwa, wala hitima haikusomwa. Mtani wangu alikaa eda peke yake katika chumba chake cha Masuguru, na mama mkwe akasema hiyo si eda, ni kujikalia. Na kwa kuwa nyumbani kwa mume hakukuwa na msiba, sisi watani hatukuwa na pa kwenda. Hakuna aliyevaa kofia ya yule fundi. Nilimtembelea mara nyingi mjane yule, nikanywa chai yake, lakini kumtania sikuthubutu, maana ingekuwa kama kumtangulia mwenye nyumba mlangoni kwake.

Ndipo ikasikika kwamba kuna chombo cha kimataifa kitakachochunguza shambulio lile, kama lilikuwepo. Nchi nyingi ni wanachama, kina maabara, kina wataalamu, na kazi yake ni kusema ukweli ambao pande zote zitaukubali. Mama wa Kwaluguru alipoelezwa habari hiyo alinitumia salamu kupitia mtu aliyekuja Korogwe na mahindi: hao si wa upande wetu wala wa upande wa serikali ile, hawajui mwanangu wala mke wa mwanangu, basi waje. Wakisema wao kwamba amekufa, nitaamini, nitamsomea hitima na nitamwomba mkwe wangu msamaha mbele ya watu.

Sijawahi kusikia mtu akiweka imani kubwa namna ile kwa watu asiowajua. Hata kwa daktari wa wilaya hakuwa nayo.

Hapa Manundu nako lile jambo lilipata wasemaji. Mbele ya duka la kinyozi ninapopita kila siku kulikuwa na pande mbili. Kinyozi alisema chombo kile kimenunuliwa na mataifa makubwa, kila ripoti inaandikwa kwanza kisha ushahidi unatafutwa. Mwalimu mmoja mstaafu mwenzangu alisema huo ni ushamba, sayansi haina chama, sampuli ikisema imesema. Walibishana wiki nzima, wakaonyeshana simu, wakaitana vibaraka. Mtani wangu alipita mbele yao kila asubuhi na ndoo yake ya vitumbua. Walinunua, wakala, wakaendelea kubishana kama tukio lile lilitokea au halikutokea. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye. Walijua fika alikotoka. Nilimwambia kinyozi siku moja kwamba shahidi wake ndiye aliyemtia kitumbua mkononi, akacheka akadhani natania.

Wachunguzi walifika Korogwe katika msimu wa machungwa. Walikuwa wanawazungukia manusura waliotawanyika nchi mbalimbali, na mmoja wao alikuwa huyu wa kwetu. Walikuja wawili: mzee mmoja mwenye mvi, mpole, ambaye ndiye alikuwa kiongozi, na daktari, mwanamke wa makamo aliyevaa viatu vya kutembelea porini. Mkalimani waliyekuja naye alikula kitu njiani, tumbo likamwangusha, wakabaki na mashine zao za kurekodia bila mdomo. Mkuu wa shule niliyostaafia akawatajia mimi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikajisemea. Nilipiga pasi gauni langu la kijani na nikaenda kwenye gesti waliyofikia, nikiwa na furaha, sikatai. Nilijua nani atakaa kwenye kile kiti na nilitaka asikike kwa Kiingereza kizuri.

Kwanza walinipa fomu. Mkalimani lazima aeleze uhusiano wake na shahidi. Kulikuwa na visanduku vya kuweka alama: undugu wa damu, ndoa, biashara, urafiki wa karibu, itikadi ya kisiasa. Nilivisoma kimoja kimoja. Si ndugu yangu. Hakuna ndoa kati ya ukoo wake na wangu. Hatufanyi biashara. Urafiki wa karibu? Mtani si rafiki. Rafiki unamchagua na unaweza kumwacha, mtani huwezi. Nikaweka hapana kwenye visanduku vyote, nikatia sahihi. Sikudanganya. Mpaka leo nikiulizwa mahakamani nitasema sikudanganya.

Mtani wangu aliingia amevaa baibui jeusi na kitenge begani, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa na kufukuzwa. Mzee akamweleza, kupitia kwangu, kwamba yuko huru kuacha wakati wowote. Daktari akasogeza karatasi laini za kufutia machozi. Yalikuwa maneno mazuri na niliyatafsiri vizuri. Kisha wakaanza kuuliza.

Saa nzima ikapita hivi: Ulikuwa wapi asubuhi ile? Nyumbani. Nani mwingine alikuwepo? Mume na mtoto. Uliona nini? Moshi. Wa rangi gani? Sijui. Ulifanya nini? Alikuwa anakunja ncha ya kitenge na kuikunjua. Mzee akamwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe, polepole, akamwambia hakuna haraka. Akafungua mdomo, ukabaki wazi, hakuna kilichotoka. Daktari akamtazama mzee, mzee akatazama saa. Nikaona wazi kwamba wanakaribia kufunga daftari. Mwanamke huyu amesubiri zaidi ya mwaka watu hawa, Kwaluguru kuna mama anayesubiri neno lao, na yeye ameganda kama alivyoganda siku aliyoshuka kwenye basi na kile kikapu.

Basi nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Niliacha Kiswahili, nikamgeukia kwa Kizigua.

"Mtani," nikamwambia, "hivi yule mumeo mvivu, hata siku ya kufa alikubali kunyanyuka kwenye kiti?"

Akanitazama. Nikasimama. Mbele ya wale wageni wawili na mashine yao yenye taa nyekundu, mimi mwalimu mstaafu mwenye wajukuu, nikaigiza jinsi yule fundi alivyokuwa akiinuka kwenye cherehani: kwanza kushika kiuno, kisha kutazama dari kama anayeomba mvua, kisha kuinua tako moja, kulirudisha, na kusema kwa sauti yake nzito, "Namalizia pindo tu, mke wangu."

Mtani wangu alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, mpaka kile kikohozi kikamkamata, na machozi yake ya siku zote yakachanganyika na mengine. Na mimi nilicheka, maana alikuwa mcheshi yule marehemu na tulikuwa hatujamcheka tangu afe. Katikati ya kicheko kile, bado kwa Kizigua, akasema: "Hakukubali, mtani. Nilimsukuma mimi. Nilimsukuma kwa mikono hii." Akanionyesha mikono, na kicheko kikageuka kilio cha kwikwi, kile kilichotakiwa kitoke kule Kwaluguru mbele ya jamaa zake.

Alipotulia akafuta uso, akarudi kwenye Kiswahili, na akaeleza. Alieleza muda mrefu bila kuulizwa. Nyumba waliyopanga ilikuwa na ghala chini ya ardhi na paa la kukanyagika ambalo watu walianikia vyakula. Mabomu yalikuwa ya kila siku na wote walishajifunza kwamba ukisikia mlio, shuka chini. Asubuhi ile yeye alikuwa juu anaanika makopa ya muhogo. Akasikia mlio, akashuka, akamkuta mumewe bado kwenye cherehani anamalizia pindo, akamshika mkono, akamwelekeza ghalani na mtoto. Akarudi juu kuokoa makopa, maana chakula kilikuwa shida. Kile kitu kikadondoka mtaa wa pili. Moshi ulikuwa wa manjano yanayoelekea kijani, haukupanda kama moshi wa moto, ulitambaa chini, ukaingia kila penye shimo. Ukaingia ghalani. Waliokuwa juu ya mapaa walipona. Waliotii wakashuka ndio waliokufa. Aliwakuta wamekaa, mtoto kifuani kwa baba yake, midomo ina povu. Alimfumba mumewe macho kwa vidole vyake. Walizikwa na wengine katika shimo moja kabla ya adhuhuri, kwa haraka, na waliozika walikuwa wamejifunga vitambaa vya maji usoni.

Nilitafsiri kila neno. Daktari alikuwa anaandika kwa kasi, na nilimwona akiguswa, sitamsingizia. Aliuliza harufu, akauliza upepo ulitoka wapi, akamulika macho ya mtani wangu kwa kurunzi ndogo. Mwishoni yule mzee akaniuliza kwa upole, kitu gani mlikuwa mnazungumza pale katikati, kwa ile lugha nyingine?

Hapo ndipo nilipokosea. Ningeweza kumwambia. Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha. Lakini nilijiona kwa macho yake: mkalimani aliyemtania marehemu mbele ya mjane. Niliona aibu, si kwa ajili ya utani wetu, bali kwa ajili ya kuueleza, kuuchambua mezani kama samaki kwa mtu ambaye atauandika kwenye daftari kama mila ya ajabu. Na lile neno la kumsukuma mumewe ghalani nililiona ni la msiba, halimhusu.

"Mambo ya nyumbani tu," nikamjibu. "Nilikuwa namtuliza."

Akaandika. Tukapeana mikono.

Tuliporudi Masuguru mtani wangu alilala usingizi mchana kutwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu arudi. Alipoamka alinipikia chai akaniambia kifua kimekuwa chepesi. "Sasa wameshajua," akasema. "Mama naye atajua." Nilimjibu kwamba hawa ni watu makini, wameandika mpaka upepo. Nilisema hivyo kwa moyo wangu wote.

Ripoti ilichukua zaidi ya mwaka. Ilipotoka niliipata kwenye simu, kurasa nyingi mno, nikaisoma usiku na mchana kwa miwani iliyopasuka upande. Mashahidi hawakutajwa majina, lakini nilimkuta wangu, kwenye kiambatisho, katika orodha ya ushahidi ambao haukutumika. Walikuwa wamemtafuta mtaalamu wa lugha huko waliko, akasikiliza mkanda na kuutafsiri ule mchezo wangu neno kwa neno. Na alitafsiri sawasawa, hilo ndilo linaloniua. Ripoti ikasema kwamba shahidi alionekana akicheka kwa muda alipokuwa akizungumzia kifo cha mumewe. Ikasema kwamba katika sehemu ambayo mkalimani hakuitafsiri, shahidi alidai, huku akicheka, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemsukuma mumewe. Ikasema mkalimani aliigiza tukio mbele ya shahidi kabla shahidi hajaanza kueleza, na kwamba alipoulizwa hakutoa maelezo ya kweli. Kwa hiyo ushahidi umewekwa kando.

Na hitimisho la ripoti nzima, baada ya sampuli zilizochelewa na barabara zilizofungwa na mashahidi waliowekwa kando, likawa kwamba haikuwezekana kuthibitisha wala kukanusha.

Nilimwandikia yule mzee mwenye mvi barua ndefu. Nilimweleza utani mwanzo hadi mwisho, kofia ya marehemu, kaburi, kuku, kila kitu nilichoona aibu kukisema siku ile. Nilimwambia mwanamke yule alicheka kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nilimwambia makosa ni yangu, aniandike mimi mwongo na amwache yeye. Jibu lilikuja kutoka ofisi nyingine, si kwake. Walinishukuru kwa mchango wangu wa thamani, wakanijulisha kwamba jalada limefungwa. Barua ilikuwa na adabu kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Nimewahi kutukanwa na wazazi wa wanafunzi, nimewahi kutukanwa na wanafunzi wenyewe, na hakuna tusi lililoniingia kama adabu ile.

Kinyozi akafurahi, akasema si nilisema wamenunuliwa, wameogopa kusema ukweli. Mwalimu mwenzangu naye akafurahi, akasema mnaona uadilifu, wasipokuwa na hakika hawasemi. Kila mmoja alishinda. Mimi sikuwa na upande. Siwezi kusema wale watu wamenunuliwa, niliwaona kwa macho yangu wakifanya kazi kwa bidii. Wala siwezi tena kumwambia mtu yeyote awaamini. Wanajua kupima udongo, wanajua kupima damu, na kicheko cha mjane walikipima kwa kipimo cha kwao.

Mama wa Kwaluguru alituita. Alikuwa amesikia kwamba ripoti imetoka, na alitaka kusomewa na mtu anayejua Kiingereza. Tulikwenda wawili, mtani wangu na mimi. Tulipita Handeni mjini, bodaboda ikatushusha. Alisema, "Mtani, wewe unajua kusema. Utasema vizuri." Nilielewa anachoniomba. Mama hajui kusoma Kiingereza. Kilichohitajika ni neno moja, wamethibitisha, na hitima ingesomwa wiki ileile.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, amevaa khanga mpya. Nilipompa shikamoo akaitikia marahaba, akanitania kama kawaida, "Mtumwa wangu leo umeleta habari au umeleta njaa?" Nikakaa, nikatoa karatasi nilizochapisha. Mtani wangu akakaa karibu na mlango wa jikoni, miguu ameikunja.

"Nisomee pale pa mwisho tu," akasema mama. "Wamesema amekufa?"

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Hakukuwa na taa nyekundu pale wala mtaalamu wa lugha. Palikuwa na mama, mkwe wake na mimi. Na nikatafsiri sawasawa. Nilisema, "Wamesema haikuwezekana kuthibitisha wala kukanusha." Nilijitetea moyoni kwamba sitawapa tena sababu ya kuniita mkalimani mwongo. Walikuwa wameshaondoka kitambo, hawajui hata kwamba Kwaluguru ipo, na bado niliwaogopa wao kuliko nilivyomwonea huruma yule aliyekaa mlangoni.

"Hawakuthibitisha?"

"Hawakuthibitisha, mama. Wala hawakuka..."

"Alhamdulillah!" Akapiga makofi, akainua mikono juu, na machozi yakamtoka. Lile neno la pili halikumfikia kabisa. "Watu wa dunia nzima wametafuta kifo cha mwanangu na hawakukiona! Nilisema mimi. Ule mwendo niliujua." Akamgeukia mkwe wake, na usoni hapakuwa na chuki tena. Huenda ingekuwa heri chuki ingebaki. "Njoo, mke wa mwanangu. Nilikufikiria vibaya. Uliona moshi, ukachanganyikiwa, ukakimbia, nani asingekimbia? Yamekwisha. Vua hilo jeusi. Wewe ni mke wa mtu, kaa kama mke wa mtu, utamngoja hapa kwangu."

Mtani wangu alinitazama mimi. Hakumtazama mama. Nilikunja zile karatasi nikazitia mkobani.

Mama akaagiza achinjwe kuku, yule jogoo mwekundu, wa kushukuru. Jirani akachinja. Mjane akachemsha maji, akamnyonyoa, akapika, na moshi wa kuni ukamkohoza mpaka nikainuka ili nimsaidie. Akanizuia kwa mkono. Alisonga ugali, akapakua, akaleta sinia uani. Mama akatazama ndani ya bakuli la nyama, akageuza vipande kwa kijiko, kisha akakumbuka.

"Firigisi usituwekee sisi," akamwambia. "Ina mwenyewe."

Mjane akaichukua firigisi kwa vidole vyake, akaiweka kwenye kisahani, akakifunika kwa kisahani kingine, akakipeleka ndani. Kisha akarudi na birika, akatunawisha mikono, kwanza mama, halafu mimi.